Printa ya waifai ikigoma kwenye Linux: mwongozo kamili kutoka fremu ya steshenari, Iyunga

Umeme ulikatika saa nane usiku ukarudi alfajiri. Saa moja na nusu nafungua fremu, nje tayari wapo vijana wanne wa chuo, wamejikunyata ndani ya makoti kwa baridi ya Julai ya Mbeya, kila mmoja na flashi yake. Nikafungua risechi ya wa kwanza, nikabonyeza kuprinti. Kimya. Taa ya printa ya kijani, waifai ipo, na jana jioni mashine hiyohiyo ilitoa kurasa zaidi ya mia bila kusumbua. Mmoja wao akanionea huruma: "Kaka, we piga Windows tu."

Sikupiga Windows. Kilichobadilika kilikuwa namba moja. Jana printa ilikuwa na anwani 192.168.1.23. Umeme uliporudi ruta iliigawia 192.168.1.27, na kompyuta ikaendelea kubisha hodi kwenye nyumba ya jana. Dakika tatu zilitosha. Lakini mara ya kwanza jambo hilohilo liliponikuta, miaka kadhaa iliyopita, lilinimalizia siku nzima na bando la wiki, kwa sababu nilianza kwa kufuta draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na aina fulani ya printa.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye printa na kuishia kwenye draiva. Wengi huenda kinyume. Katika kazi hii nimeona draiva mbovu mara chache sana. Ninachokiona kila wiki ni printa na kompyuta ambazo hazifikiani.

Nimeandika kwa mtu anayetumia Ubuntu, Linux Mint au Debian. Kwa Fedora amri za kusakinisha zitatofautiana, mengine karibu yote ni yaleyale. Utahitaji teminali, dirisha la kuandikia amri, ifungue kwa Ctrl+Alt+T. Kama una bando, sakinisha vifaa vya kazi sasa hivi, kabla mambo hayajaharibika:

sudo apt install cups cups-client cups-ipp-utils avahi-daemon avahi-utils

CUPS ni nini, na kwa nini simu ya iPhone ni kipimo kizuri

Linux haiongei na printa moja kwa moja. Kazi yako inapita kwa karani anayeitwa CUPS, anayepanga foleni, anageuza faili kuwa lugha ya printa, kisha analipeleka. Michael Sweet alianza kuiandika mwaka 1997, Apple wakainunua mwaka 2007, na leo kwa upande wa Linux inatunzwa na kundi la OpenPrinting. Kompyuta za Apple nazo zinaprinti kwa CUPS hiyohiyo.

Historia hiyo ina faida hapa Iyunga. Mwaka 2010 Apple walileta AirPrint, njia ya iPhone kuprinti bila draiva yoyote, na watengenezaji wa printa wakalazimika kuifuata wasije wakapoteza wateja. AirPrint imejengwa juu ya IPP, lugha ambayo CUPS huizungumza tangu zamani. Kwa hiyo kabla hujanunua printa dukani, au kabla hujaanza kuhangaika na uliyo nayo, tafuta mtu mwenye iPhone, aingie kwenye waifai ileile, afungue picha na ajaribu kuprinti. Simu ikiiona printa, Linux pia itaiona bila draiva. Isipoiona, bado kuna njia, ila utahitaji draiva, na nitaifikia.

Hatua ya 1: iulize printa yenyewe

Usiguse kompyuta kwanza. Kila printa ya waifai ina ukurasa wa taarifa za mtandao ambao inaweza kujichapia yenyewe. Yenye kioo, ingia kwenye menyu ya mtandao, chagua kuchapa taarifa hizo. Isiyo na kioo, kama zilivyo nyingi za matangi ya wino zilizojaa kwenye steshenari zetu, ina kitufe cha hali ya mtandao au cha waifai. Kwenye baadhi unakibonyeza mara moja, kwenye nyingine unakishikilia sekunde kadhaa. Karatasi ikitoka, tafuta vitu viwili tu: jina la waifai na anwani ya IP.

Anwani ikiwa 0.0.0.0, printa haijaunganishwa na chochote, hata kama taa yake inawaka. Ikianza na 169.254, printa imeomba anwani ikakosa wa kuijibu, ikajitungia yake. Mara nyingi ruta imeganda au mawimbi ni hafifu. Zima ruta, hesabu sekunde thelathini, washa, subiri intaneti irudi, ndipo uwashe printa. Mpangilio huo una maana, kwa sababu printa inayowaka kabla ya ruta inaweza kukata tamaa mapema. Ikiwa 192.168 na kuendelea, au 10 na kuendelea, printa iko salama upande wake. Iandike namba hiyo na uende hatua ya 2.

Kwa printa ambayo haijaunganishwa, njia rahisi ni kitufe cha WPS. Bonyeza cha ruta, kisha cha printa ndani ya dakika mbili. Ruta isiyo na kitufe hicho, tumia programu ya mtengenezaji kwenye simu, huku simu ikiwa kwenye waifai ileile unayotaka printa iingie. Kwa HP nyingi ipo njia ya tatu: chomeka waya wa USB, sakinisha hplip (programu za HP kwa Linux), kisha andika hp-wificonfig, itakuuliza jina la waifai na nenosiri, halafu waya unauchomoa.

Kama unaweka nenosiri sahihi na printa bado inakataa, angalia mambo mawili kwenye ruta. La kwanza ni masafa. Printa nyingi za bei ya kawaida zinajua 2.4 GHz tu, na ruta iliyowekwa 5 GHz peke yake kwao ni kama haipo. La pili ni ulinzi: ruta mpya zinakuja na WPA3, na printa ya miaka michache nyuma haiielewi. Weka WPA2, au ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3.

Na kama fremu yako ni kontena, jua kwamba bati linazuia mawimbi kuliko tofali. Nimemsaidia kijana mmoja kule Mafiati aliyeweka ruta nyumbani na printa ndani ya kontena, mita kumi tu kati yao. Tukiacha mlango wazi inaprinti, tukiufunga inapotea. Alivuta waya wa mtandao hadi ndani akahamishia ruta humo.

Hatua ya 2: ziko mtaa mmoja?

Sasa nenda kwenye kompyuta:

hostname -I

Linganisha namba tatu za mwanzo na zile za karatasi ya printa. Kompyuta ikiwa 192.168.1.15 na printa 192.168.1.27, wako mtaa mmoja kwa ruta za kawaida. Kompyuta ikiwa 192.168.0.15, hawako. Sababu zake karibu zote nimezikuta hapa mjini.

Ya kwanza ni ruta mbili. Mtu ana ruta ya intaneti, kisha anaongeza ya pili ili ifike chumba cha nyuma, nayo inaanzisha mtandao wake wa pekee. Printa iko kwenye ya kwanza, kompyuta kwenye ya pili. Ingia kwenye mipangilio ya ile ya pili uiweke kuwa "Access Point", au hamishia vyote upande mmoja.

Ya pili ni waifai ya wageni. Ruta nyingi zina jina la pili la waifai kwa ajili ya wateja, na kazi yake hasa ni kuwazuia wageni wasiguse vifaa vya ndani. Printa au kompyuta ikiingia huko kwa bahati mbaya, haitafikiwa na mwenzake.

Ya tatu ni hotispoti ya simu, na hapa nitakaa kidogo, maana nusu ya steshenari ndogo ninazozijua zinaendeshwa kwa simu. Kuprinti kupitia hotispoti kunawezekana: simu inakuwa ruta, printa na laptopu zote zinaingia humo. Kikwazo ni kwamba simu nyingi za kisasa hubadilisha anwani za hotispoti kila unapoizima na kuiwasha, hivyo ulichopanga asubuhi kinavunjika jioni. Na simu ikitoka na mwenyewe kwenda sokoni Mwanjelwa, ofisi nzima imeondoka naye. Kama printa ndiyo riziki yako, tafuta ruta ndogo, hata iliyotumika, hata isiyo na laini ndani. Kwa kuprinti huhitaji intaneti kabisa. Unahitaji tu kitu cha kuwakutanisha.

Ya nne ni waifai ya printa yenyewe, ile yenye jina linaloanza na DIRECT. Ukiunganisha laptopu nayo utaprinti vizuri, ila laptopu itapoteza intaneti, na mteja aliyetuma faili kwa barua pepe atasubiri. Ni njia ya dharura tu.

Mkishakuwa mtaa mmoja, bisha hodi, ukiweka namba ya printa yako:

ping -c 4 192.168.1.27

Majibu yakirudi, nenda mbele. Yasiporudi ilhali mtaa ni mmoja, tafuta kwenye ruta mpangilio unaoitwa "AP Isolation" au "Client Isolation" na uuzime. Huo huruhusu kila kifaa kwenda intaneti lakini huvizuia visionane. Zima pia VPN kama unayo, kwani baadhi hufunga kila njia isipopita kwao. Halafu pima mlango wenyewe wa kuprinti:

nc -zv 192.168.1.27 631

Ukiambiwa umefanikiwa, printa inaongea IPP. Ikikataa, jaribu 9100 badala ya 631. Ikikubali huo wa pili tu, kumbuka hivyo. Ni printa ya zamani kidogo na itahitaji draiva.

Hatua ya 3: ifunge anwani isihame

Hii ndiyo hatua watu huiruka, kisha wananipigia simu kila umeme unaporudi. Ruta hugawa anwani kama namba za foleni hospitali: leo umepata 23, kesho aliyewahi kuichukua si wewe. Dawa ni kuiambia ruta kwamba kifaa hiki daima kipewe namba hii.

Fungua kivinjari, andika anwani ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na amri hii itakuonyesha, ni ile inayofuata neno "via":

ip route | grep default

Ingia kwa nenosiri la ruta, ambalo kama hujalibadilisha limebandikwa chini yake. Tafuta "Address Reservation", "DHCP Reservation" au "Static Lease", kila ruta na jina lake. Itakuomba anwani ya MAC ya printa, ile yenye herufi na namba mbili mbili zilizotenganishwa kwa nukta pacha, ambayo ipo kwenye karatasi ya hatua ya 1. Ipe namba rahisi, mfano 192.168.1.50. Hifadhi, zima printa, iwashe, chapa tena ile karatasi kuhakikisha. Kisha andika 192.168.1.50 kwa kalamu isiyofutika kwenye kipande cha selotepu, ubandike juu ya printa. Mimi nimebandika na nenosiri la waifai pia, na imeniokoa siku ambayo msaidizi wangu alikuwa peke yake dukani.

Ruta yako ikiwa haina mpangilio huo, weka anwani hiyo ndani ya printa yenyewe. Andika anwani ya sasa ya printa kwenye kivinjari. Nyingi zitakufungulia ukurasa wao wa mipangilio, na humo utabadilisha kutoka kupewa anwani hadi kujiwekea. Chagua namba iliyo nje ya zile ruta inazogawa, zisije zikagongana na simu ya mteja.

Hatua ya 4: iache Linux iitafute

ippfind

Amri hiyo inaita mtaani: nani hapa anaprinti? Printa za kisasa huitikia kwa jina lao. Ukipata mstari unaoanza na ipp:// au ipps://, kazi imebaki ndogo. Kwa maelezo zaidi:

avahi-browse -rt _ipp._tcp

Kukiwa kimya ilhali ping inajibu, angalia kwanza kama huduma ya avahi, inayosikiliza miito hiyo, iko macho kwa systemctl status avahi-daemon, kisha ushuku fayawoli. Kwa Ubuntu na Mint, izime kwa muda kwa sudo ufw disable, rudia ippfind, halafu iwashe kwa sudo ufw enable. Kama kulikuwa na tofauti, ruhusu mlango wa kutafutana:

sudo ufw allow 5353/udp

Fedora hutumia firewalld, na kule unaandika sudo firewall-cmd --permanent --add-service=mdns kisha sudo firewall-cmd --reload.

Usiposikia kitu hata baada ya hapo, usipoteze asubuhi. Baadhi ya ruta hazipitishi miito hii ya mtaani vizuri. Una anwani ya kudumu, nenda nayo moja kwa moja hatua ya 5. Binafsi sisubiri Linux inigundulie printa. Naiongeza kwa mkono kila mara, kwa sababu nilichoandika mwenyewe najua kilipo.

Hatua ya 5: iongeze kwa mkono

Hakikisha printa inawaka, kwa kuwa CUPS itaiuliza uwezo wake papo hapo. Kisha:

sudo lpadmin -p Iyunga -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere

Iyunga ni jina nililolipa mimi; weka lako, bila nafasi katikati. Herufi -E lazima ikae baada ya jina. Ikitangulia ina maana nyingine kabisa, utashangaa printa imeongezwa lakini imezimwa. Neno everywhere mwishoni ndilo linasema hatutaki draiva. Ifanye iwe ya kwanza kuchaguliwa, halafu ijaribu:

sudo lpadmin -d Iyunga
echo "Habari ya Mbeya" | lp -d Iyunga

Karatasi ikitoka na maneno hayo, umemaliza, nenda ukahudumie wateja.

Asiyependa teminali anaweza kufanya hayohayo kwenye kivinjari kwa kuandika localhost:631, kisha "Administration" na "Add Printer". Ukurasa ukikataa nenosiri lako, hujaingizwa kwenye kundi la wasimamizi wa printa. Andika sudo usermod -aG lpadmin $USER, toka kwenye akaunti, ingia tena.

Baada ya kuongeza kwa mkono, huenda ukaona printa mbili zenye majina yanayokaribiana. Pacha huyo analetwa na huduma iitwayo cups-browsed, inayojiongezea printa inazozisikia mtandaoni. Mwezi Septemba 2024 ilitangazwa kwamba ina udhaifu unaoweza kumruhusu mtu wa nje kuendesha amri kwenye kompyuta yako, na marekebisho yakatolewa. Sasisha mfumo wako. Kwa fremu yenye printa moja au mbili huduma hiyo haina kazi, na mimi nimeizima:

sudo systemctl disable --now cups-browsed

Ikiwa printa yako ni ya wale wanaohitaji draiva

Epson nyingi za matangi ya wino zinakubali kifurushi printer-driver-escpr, ambacho kipo tayari kwenye hazina ya Ubuntu na Debian. Sakinisha, kisha ongeza printa kupitia localhost:631 na uchague aina yako kwenye orodha. Kwa HP, sakinisha hplip, kisha:

hp-setup 192.168.1.50

Baadhi ya LaserJet ndogo, mfano P1102w inayoonekana sana maofisini, zinataka kipande cha ziada kutoka HP wenyewe. Bila hicho kazi inaingia kwenye foleni na inakufa kimyakimya. Andika hp-plugin ukiwa na intaneti. Brother wana kisakinishi chao cha Linux kwenye tovuti yao, na kwangu kimekuwa cha kutegemewa.

Kwa ile inayojibu mlango 9100 peke yake, anwani inakuwa socket://192.168.1.50:9100, na draiva unaichagua kwenye orodha. Ukiongeza kwa njia hii kwenye teminali utaona onyo kwamba draiva za printa zitaachwa katika matoleo yajayo ya CUPS. Ni kweli, ila leo inafanya kazi, endelea.

Jana iliprinti, leo imegoma

Hapa printa iko sawa, anwani iko sawa, foleni ndiyo imesimama. Umeme ukikatika katikati ya kazi, CUPS inaweza kuisimamisha printa na kukaa hivyo hadi mtu aiamshe, hata mashine iwake upya mara kumi. Tazama:

lpstat -t

Ukikuta neno "disabled" au "paused":

sudo cupsenable Iyunga
sudo cupsaccept Iyunga

Tahadhari: kama wakati imesimama mtu alibonyeza kuprinti mara sita kwa hasira, ukiiamsha zitatoka nakala sita. Safisha foleni kwanza kwa cancel -a Iyunga. Nimewahi kupoteza robo rimu kwa risechi ya mtu mmoja kwa kusahau jambo hili, na mteja alilipia nakala moja, kama haki yake ilivyo.

Ili isisimame tena, iambie ijaribu upya badala ya kulala:

sudo lpadmin -p Iyunga -o printer-error-policy=retry-job

Printa ikiwa inapotea tu baada ya kukaa nusu saa bila kazi, ingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio uongeze muda wa kusinzia.

Inaprinti, lakini si ulichotaka

Rafiki yangu mwalimu wa Kihesa, Iringa, alinipigia jioni moja kabla ya mitihani. "Kamwene," nikamwitikia, na kabla sijamaliza salamu akasema printa inadai karatasi na trei imejaa. Nikamuuliza Linux yake aliisakinisha kwa Kiingereza cha wapi. Cha Marekani. Basi, nikamwambia, inaomba karatasi ya Wamarekani. Wao hutumia Letter, milimita 216 kwa 279. Sisi tuna A4, 210 kwa 297. Printa inalinganisha, inaona haifanani, inawasha taa ya karatasi na kusubiri rimu ambayo huenda huipati Iringa nzima.

Angalia kilichochaguliwa, chenye nyota ndicho:

lpoptions -p Iyunga -l | grep -i pagesize

Kisha badilisha:

sudo lpadmin -p Iyunga -o PageSize=A4

Kwenye mipangilio ya lugha ya kompyuta, badilisha pia eneo liwe Tanzania au Uingereza ili programu mpya zisirudie kosa. Na faili lenyewe la LibreOffice linaweza kuwa na Letter ndani yake, hasa lililotoka kwa mtu mwingine. Litazame kwenye mtindo wa ukurasa. Mwalimu alitoa mitihani yake usiku uleule.

Kurasa zikitoka na alama zisizosomeka, mstari mmoja juu ya kila karatasi, chomoa trei haraka. Umechagua draiva ya printa nyingine, nayo inachapa maagizo badala ya kuyatekeleza. Safisha foleni kwa cancel -a Iyunga, futa printa kwa sudo lpadmin -x Iyunga, rudi hatua ya 5.

Ujumbe wa "Filter failed" unasema CUPS imeshindwa kuligeuza faili. Kwa HP, karibu kila mara ni ile hp-plugin haipo. Kwa wengine, soma karani alichoandika kwenye daftari lake:

cupsctl --debug-logging
sudo tail -f /var/log/cups/error_log

Printi tena huku ukiangalia. Mistari inayoanza na E ndiyo ya kusoma. Ukimaliza, zima kwa cupsctl --no-debug-logging, maana daftari hilo linakua haraka.

Na kama karatasi zinaingia mbili mbili au zinajikunja, hiyo si Linux. Ndugu zangu wa Tukuyu wananielewa: rimu iliyofunguliwa ikakaa wiki kwenye unyevu wa kule inashikana. Toa karatasi chache unazohitaji, nyingine zirudishe kwenye mfuko wake na uufunge.

Kuskani

Kuprinti na kuskani ni barabara mbili tofauti. Moja kufanya kazi hakuipi nyingine uhakika. Kwa printa za kisasa:

sudo apt install sane-airscan simple-scan
scanimage -L

Skana ikitokea kwenye orodha, fungua Simple Scan, weka cheti cha mteja, bonyeza. HP za zamani zinapitia hplip ileile. Isipotokea kabisa ilhali kuprinti kunakwenda, chomeka waya wa USB kwa ajili ya kuskani na uache waifai iendelee kuprinti. Mimi nina Epson moja inayofanya hivyo mwaka wa pili sasa, waya wake umefungwa kwa kamba ya kiatu kwenye mguu wa meza.